Mwalimu Mkuu Ajifunza Kusoma

Wifi yake Mkuu ndiye aliyeshika kalamu. Alikuwa ameketi mezani, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, fomu ya maombi ya kazi mbele yake, na kila alipofika kwenye swali alilisoma kwa sauti kama karani wa mahakama.

"Kiwango cha elimu," akasema. "Hapa ndipo unapojimaliza kila siku, wifi yangu."

"Andika ukweli."

"Ukweli umeshauandika mara kumi na moja. Umekupa nini?"

Mkuu akainama kuitazama fomu. Jina hilo, Mkuu, alitoka nalo kwao. Kwa miaka tisa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto mia sita, na hata mumewe akazoea kumwita hivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye bila kujua tena kama ni utani. Katika nchi hii mpya hapakuwa na shule iliyomhitaji. Vyeti vyake vilikuwa vinahakikiwa katika ofisi fulani, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa asubiri barua. Akaomba kazi yoyote: kuuza dukani, kuosha vyombo hotelini, kupanga maboksi ghalani. Kote walimjibu kwa adabu ile ile. Umesoma mno, mama. Utatukimbia baada ya wiki mbili.

"Elimu yako inawatisha," akasema wifi yake. Yeye alitangulia kuja miaka kumi kabla yao, alikuwa anasafisha maofisi, na alijiona balozi wa ukoo mzima. "Hospitali wanatafuta watu wa kufua mashuka. Wanataka mikono, kichwa chako hawana haja nacho. Darasa la pili. Basi."

Kalamu ikaandika. Miaka ishirini na miwili ya ualimu ikawa maneno matatu: mama wa nyumbani. Mkuu akasaini chini ya mstari uliosema kwamba atakayetoa taarifa za uongo ataachishwa kazi. Aliusoma mara mbili. Lugha ya pale alikuwa amejifunza miezi minane bila kupumzika, na ingawa ulimi wake ulikuwa bado mzito, macho yake yalikuwa mepesi sana.

Wiki iliyofuata akaitwa kazini.

Idara ya kufulia ilikuwa chini kabisa ya jengo la hospitali, hakuna dirisha, joto kama ndani ya sufuria. Mashuka yalishuka kwenye vitoroli, yakaingia kwenye mashine zenye ukubwa wa chumba cha mtu, yakatoka, yakapelekwa kwenye pasi kubwa ya kuzunguka iliyolishwa na watu wawili, mmoja kila upande. Kila shuka lilipigwa muhuri pembeni, kwa wino mweusi, jina la wodi yake. Mkuu alipangwa na mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa amesimama kwenye pasi ile miaka kumi na mitano, na kwa sababu hiyo watu wote walimwita Bibi Pasi. Alikuwa mcheshi. "Shika pembe, vuta, achia," alimwambia Mkuu siku ya kwanza. "Ukichelewa kuachia, utakunjwa na wewe upelekwe wodini."

Siku ya tatu Bibi Pasi aliinua dumu la dawa ya madoa, akataka kuimimina kwenye ndoo iliyokuwa na dawa nyingine. Mkuu akamdaka mkono. "Usichanganye!"

"Umejuaje?"

Imeandikwa ubavuni mwa dumu kwa herufi nyekundu, ndivyo alivyotaka kusema. Maneno yakafika kwenye meno yakarudi. "Harufu," akajibu. "Pua yangu ni kali."

Bibi Pasi alimtazama, akatazama na dumu, kisha akageuza uso haraka. Miaka yote ile ya darasani ilimtosha Mkuu kujua maana ya mtu kugeuza uso namna hiyo mbele ya maandishi. Akarudi kwenye pembe yake ya shuka. Lakini tangu siku hiyo hofu ikahamia kifuani pake, ikapanga chumba. Akawa anajichunga kama mwizi. Tangazo likibandikwa ukutani, alipita bila kuinua macho. Akipewa karatasi ya zamu, aliuliza, "Hapa pamesemaje?" Nyumbani mumewe alimkuta anasoma gazeti akamtania, "We, punguza mwendo, utakamatwa." Alicheka peke yake.

Haikuwa mzaha. Mumewe alikuwa fundi umeme, kila siku yuko kwenye vibarua vya hapa na pale visivyo na mkataba. Kibali cha familia kuishi nchini kilikuwa kinaisha baada ya miezi minne, na ili kiongezwe ilihitajika barua ya mwajiri wa mmoja wao, na kingeongezwa kwa urefu wa mkataba tu. Mwajiri waliyekuwa naye ni mmoja tu, kule chini kwenye joto. Binti yao alikuwa kidato cha mwisho. Mkuu alizihesabu siku asubuhi akipiga mswaki, akazihesabu tena kituoni akisubiri basi.

Kisha msimamizi akaja na habari njema.

Msimamizi wa kufulia alikuwa mwanamke mpana, mwenye kifungu cha funguo kiunoni kilichomtangulia kwa mlio popote alipokwenda. Aliwakusanya wakati wa chai. "Hospitali imetoa agizo," akasema. "Kila anayegusa dawa za kufulia lazima aweze kusoma lebo. Baada ya miezi miwili kutakuwa na mtihani mdogo. Wale ambao hawakusoma sana wataanza darasa, Jumanne na Alhamisi, saa za kazi, bure. Nimewaombea mimi mwenyewe." Akasoma majina saba. La kwanza lilikuwa la Bibi Pasi. La pili lilikuwa la Mkuu.

Alipomsimulia mumewe jioni ile, mwanaume alicheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu Mkuu! Kwenye darasa la kujifunza a, e, i—" Akamwona uso. "Samahani, mama watoto. Lakini utafanyaje?"

"Nitajifunza kusoma," akasema Mkuu. Hakutabasamu.

Darasa lilikuwa chumba cha juu ya stoo ya sabuni, viti vya plastiki, ubao mweupe. Mwalimu alikuwa msichana mrefu aliyemaliza chuo juzi tu. Mkuu alipopewa penseli, vidole vyake viliishika wenyewe, vizuri, kama vilivyoishika maisha yake yote. Jasho likamtoka. Akaihamishia mkono wa kushoto, na hapo herufi zikatoka zimelewa kabisa, nyingine zimelala chali.

"Vizuri sana!" mwalimu akamwambia. "Jitahidi hivyo hivyo."

Kumbe kuandika vibaya ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kukosea kama mtu anayekosea kweli. Mkuu alikuwa amesahihisha madaftari mpaka basi, akajua kwamba makosa ya kweli yana utaratibu wake. Anayeisahau herufi leo ataisahau na kesho. Basi akachagua makosa ya mtoto mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, akayavaa mazima, na kila wiki akapunguza moja. Mwalimu akafurahi. Akamchorea nyota kwenye daftari. Mkuu aliitazama nyota ile akaona aibu imempanda mpaka masikioni.

Jambo lililomkosesha raha zaidi ni kwamba msichana yule hakujua kufundisha. Alikuwa na moyo mzuri, lakini alizungumza na ubao, akafuta kabla watu hawajanakili, na akiuliza swali alijijibu mwenyewe kwa woga wa kimya. Mkuu aliuma ulimi. Pembeni yake Bibi Pasi alikuwa anazama. Yule mama mcheshi wa kwenye pasi, humu ndani hakuwa na neno. Alikaa mikono mapajani, macho yamekauka, kila herufi kwake ni mdudu tu. Wiki ya nne akamnong'oneza Mkuu wakishuka ngazi: "Mimi nitaondolewa. Miaka kumi na mitano, niondolewe na dumu."

Mkuu hakulala vizuri siku hiyo, na kesho yake, wakati wa mapumziko, akamvuta Bibi Pasi kwenye stoo ya mashuka safi.

"Lete shuka la wodi ya macho," akamwambia.

Bibi Pasi akanyoosha mkono kwenye rafu, akalitoa bila kusita.

"La mifupa?" Akalitoa. "La moyo?" Akalitoa. "La upasuaji?" Hilo nalo.

"Umejuaje ni hilo?"

"Si nimeona muhuri."

"Sasa, mama yangu, huko si ndiko kusoma?"

Bibi Pasi akaligeuza shuka, akautazama tena muhuri. Mkuu akayatandaza mashuka matatu sakafuni, macho, mifupa na moyo, akamwuliza yanafanana wapi. Bibi Pasi akayazunguka, akainama, akaweka kidole mwanzoni mwa muhuri. "Hapa. Hawa watatu mama yao mmoja."

"Mama yao anaitwa M."

Tangu siku hiyo walikutana kila mapumziko, robo saa, kati ya rafu. Wodi zilikuwa ishirini na sita na Bibi Pasi alizijua zote kwa sura. Ilibaki kumwonyesha tu kwamba majina yale yangeweza kukatwa vipande na vipande vikashonwa upya. Mkuu alijisahau. Akairudia sauti yake ya zamani, ile tulivu isiyo na haraka, akaandika kwenye migongo ya maboksi, akachora mistari chini ya silabi. Kwa robo saa hiyo hofu ilimtoka. Na hilo ndilo lililomponza, maana kumbe hofu ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha kutumia mkono wa kushoto.

Siku moja aliinua kichwa akamkuta yule mwalimu msichana amesimama mlangoni, amekuja kuchukua kiti. Macho yake yalikuwa kwenye boksi. Maandishi yale yalikuwa yamenyooka kama yamepigwa chapa, na penseli ilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Bibi Pasi akasoma upepo, akaondoka na shuka mkononi.

"Wewe ni nani?" mwalimu akauliza polepole.

Mkuu akamwambia. Alipofika kwenye miaka ishirini na miwili, msichana akaketi juu ya rundo la mataulo, machozi yakamlengalenga.

"Ulikuwa unanicheka?"

"Hata mara moja. Wallahi."

"Kila nikigeukia ubao nilihisi kuna mtu ananisahihisha mgongoni. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimekuchorea nyota!"

Mkuu alitamani ardhi ipasuke. Alimweleza habari ya kibali, ya binti yake, ya maombi kumi na moja. Mwalimu alisikiliza, akasimama, akakunjua sketi.

"Mimi sitakwenda kukusema. Lakini Ijumaa natakiwa kupeleka ripoti ya kila mtu, amefika wapi. Siwezi kuandika kwamba umejifunza kusoma. Nitaacha nafasi yako wazi. Wakiuliza, sitadanganya."

Ilikuwa Jumanne.

Jioni familia ilikaa kikao. Wifi yake alikuja mbio, hata koti hakuvua. "Usithubutu kusema! Nafasi wazi ni nafasi wazi tu, nani atauliza? Hawa watu hawasomi ripoti. Ukienda mwenyewe umejichongea."

"Na wakiuliza?" akasema mume.

"Wakiuliza ndipo utafute la kusema."

"Fomu uliijaza wewe, dada."

"Sasa imekuwa mimi! Nilipowapokea na masanduku yenu sikuwa mimi?"

Binti yao alikuwa mlangoni na kitabu chake cha hesabu. "Mama," akauliza, "kibali kikikataliwa, nitafanyia wapi mtihani?" Baba yake aliendelea kufunga waya wa birika lililoharibika, akaufunga na kuufungua, akaufunga tena, na alipomaliza birika lilikataa kuwaka, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Walipobaki wawili akamwambia mkewe, "Mimi nakuogopea ukisema, na nakuogopea usiposema. Sina ushauri. Niko na wewe tu." Mkuu alimshukuru, ingawa moyoni alitamani angepata hata ushauri mbaya.

Jumatano ikapita bila yeye kuthubutu. Alifika hadi mlango wa msimamizi mara mbili, mara zote akajifanya amekuja kuomba glavu. Alhamisi asubuhi, msimamizi akamwambia mwenyewe, "Mama, leo ni mara ya tatu. Glavu unazila?"

Mkuu akaingia, akafunga mlango, akasema yote akiwa amesimama. Lugha ilimpiga chenga. Maneno aliyoyapanga kwenye basi yalimtoka yamegeuka nyuma mbele. Msimamizi hakumkatiza. Alifungua kabati, akatoa fomu, akaisoma toka juu hadi chini. Funguo kiunoni hazikulia hata mlio mmoja.

"Nilikuweka kwenye orodha kwa kukuonea huruma," akasema mwishowe. "Nilikwenda ghorofa ya juu nikagombana na watu wazima kwa ajili yenu. Nikasema, hawa mama zangu hawakupata bahati ya kusoma. Nikakutaja wewe."

"Nisamehe, bosi."

"Kusamehe si kazi ya idara hii. Rudi kwenye mashine. Utaitwa."

Hakuitwa siku hiyo. Wala Ijumaa. Mkuu alishika pembe, akavuta, akaachia, na kila funguo zilipolia koridoni aligeuka kutazama mlango. Jumatatu akaunguza kidole kwenye pasi, Bibi Pasi akampuliza kama mtoto. "Usife kabla hujazikwa," akamwambia. "Mimi nikiulizwa nitasema wewe ndiwe uliyenifungua macho." Mkuu akamsihi asiseme lolote, asije akaingizwa na yeye. "Nitasema," Bibi Pasi akarudia, na kweli, kumbe alikuwa ameshasema. Ijumaa ile alikwenda kwa msimamizi peke yake, akasoma kwa sauti tangazo la usafi lililokuwa ukutani, mistari yote minne, akiburura kila neno kama gunia. Alipomaliza alitaja jina la aliyemfundisha, akaondoka. Hayo Mkuu aliyajua baadaye sana.

Jumatano akaitwa ofisi ya utumishi. Afisa alikuwa mwanaume mkimya mwenye shati lisilo na mkunjo. Msimamizi alikaa pembeni, anatazama dirisha. Afisa akasoma uamuzi: onyo la maandishi litakaa kwenye faili miaka miwili, kosa jingine lolote, kazi imekwisha. Darasani ameondolewa kama mwanafunzi. Barua kwa ajili ya kibali atapewa, ila itasema mkataba ni wa miezi sita, si miaka miwili kama wenzake.

"Miezi sita," Mkuu akarudia.

"Ungeweza kupata sifuri," akasema afisa. "Mshukuru huyu."

Nje koridoni Mkuu akataka kumshukuru msimamizi, lakini yule alishatangulia, funguo zinalia. Ilichukua wiki tano kabla hajamsalimia tena kwa zaidi ya kutikisa kichwa.

Nyumbani mumewe alimkumbatia, wifi yake akasema, "Si nilijua hawatakufukuza," na binti akaanza papo hapo kuhesabu miezi kwa vidole. Sita ilivuka mtihani wake kwa wiki tatu. Wiki tatu tu! Walifurahi, na ndani ya furaha hiyo kila mmoja alikuwa anajiuliza itakuwaje miezi hiyo sita ikiisha.

Bibi Pasi alifanya mtihani wa lebo, akafeli. Alikosa maswali mawili. Wakampa nafasi ya pili baada ya wiki mbili, na mara hii aliposhika dumu alikaa nalo muda mrefu mpaka wasimamizi wakatazamana, kisha akasema, "U, kama ya Upasuaji. U-si-cha-nga-nye." Wakampitisha. Alirudi kwenye pasi akalia, akalilaumu joto.

Yule mwalimu msichana naye alikaa mwezi mzima bila kumwangalia Mkuu usoni. Halafu siku moja akashuka chini wakati wa chai, akasimama karibu na pasi, akasema kwa sauti ya kupambana na kelele za mashine, "Nimepewa kundi jingine, la watu kumi na tisa. Siliwezi peke yangu. Wanaruhusu msaidizi, masaa manne kwa wiki. Nimetaja jina lako."

"Wameshaona faili langu?"

"Wameliona. Hawajasema ndiyo. Wamesema uje Jumanne wakutazame, tena uendeshe somo mwenyewe, mimi nikae nyuma."

Jumanne Mkuu alipanda ngazi za juu ya stoo akiwa na nguo zake za kazi, nywele zimelowa mvuke. Alisimama mbele ya watu kumi na tisa: wapishi, wasukuma vitanda, wafagiaji. Nyuma kabisa alikaa yule afisa wa utumishi na daftari. Mkuu akashika kalamu ya ubao kwa mkono wa kulia. Akafungua mdomo kusalimia, akatamka neno la kwanza la lugha ile vibaya, msukuma vitanda mmoja akacheka.

"Linatamkwaje?" Mkuu akamwuliza.

Mtu yule akaona haya, akalitamka. Mkuu akalirudia. Bado. Wakalitamka watu watatu kwa pamoja, mara ya pili darasa zima, na mara ya tatu likamtoka sawasawa. Akaligeukia lile darasa, mgongo kwenye ubao, na akasubiri kimya kikae vizuri kabla hajauliza swali lake la kwanza. Afisa aliandika kitu. Kilikuwa nini, Mkuu hakujua, na hakujua wiki hiyo wala iliyofuata.